Amri Tisa za Mdomo na Moja Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeambiwa niandike kila siku alichomeza. Leo hajameza kitu. Basi nitaandika mengine, maana karatasi ninayo na hasira ninazo.

Aliyeniagiza ni mtaalamu wa kumeza wa hospitalini, mama mmoja mwembamba anayetembea na kijiko mfukoni mwa koti lake jeupe. Nimempa jina la Bibi Kijiko. Daftari hili ni la shule ya udereva ninakofundisha: mbele kuna majina ya wanafunzi wangu na makosa yao, nyuma nitamwandika mgonjwa. Mgonjwa ni baba yangu. Neno hilo nimeliandika mara moja ili ijulikane. Kuanzia hapa ataitwa Mgeni.

Mgeni aliondoka nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alisema anakwenda ng'ambo kufanya useremala kwa miezi sita. Miezi sita ikawa miaka ishirini na miwili, kwenye nchi wanakosema Kihispania, na tukaja kusikia kwa watu kwamba huko ana nyumba, ana mke, ana binti. Mwaka jana mwezi wa kwanza akabisha hodi na sanduku moja. Mama akafungua mlango, akamtazama, akaenda kumwekea sahani. Hakuuliza kitu. Niliuliza mimi. Niliuliza siku ile na kila Jumapili ya mwaka mzima: kwa nini? Jibu lake lilikuwa lilelile: "Tutaongea, mwanangu. Tutaongea."

Wiki tano zilizopita kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, koo, na Kiswahili chote. Nimeongea naye sana tangu hapo. Hasikii neno.

Jumatano, 6 Machi

Bibi Kijiko ametukalisha mimi na mama kwenye benchi la korido. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka ikabidi apaze sauti, watu wote wa foleni wakasikia habari zetu.

La kwanza. Mgeni si kiziwi na akili hazijaruka. Ukimwambia "fungua mdomo" anakukodolea macho tu, lakini juzi muuguzi amemsikia akisema "agua". Mama amekuwa akilisikia neno hilo wiki nzima na kulinyamazia, kwa sababu alidhani ni jina la yule mwanamke. Kumbe ni maji. Kichwa chake kimeipoteza lugha aliyozaliwa nayo, kikabaki na ya ugenini. Bibi Kijiko anasema hutokea. Nikamuuliza kama huwatokea na watu wema. Mama akanifinya paja.

La pili. Anakula kwa mrija uliopita puani, na mrija huo hauwezi kukaa milele. Tarehe 17 Aprili atapimwa. Akimeza vijiko kumi kwa kuambiwa, kimoja kimoja, bila kupaliwa, mrija unatoka na atakula kwa mdomo kama watu. Akishindwa, atatobolewa tumbo awekewe mwingine. Na Bibi Kijiko hakutuficha: kwa moyo ule ulivyochoka, huenda asiamke kwenye hicho kitanda cha upasuaji.

"Ila lazima aambiwe," alisema. "Peke yake hakumbuki hatua zinavyofuatana. Aambiwe fungua, tafuna, shusha kidevu, meza. Na aambiwe kwa lugha anayoisikia."

"Nani atamwambia?" mama akauliza.

Wakanigeukia wote wawili. Nadhani ni kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele.

Ijumaa, 8 Machi

Tumemrudisha nyumbani na mrija wake. Kaka yangu amepiga simu kutoka mji anakofanya kazi. Mtafutieni mwalimu. Mnunulieni godoro zuri. Mgeuzeni kila saa mbili. Nikamwambia na wewe njoo. Akasema mtandao unakatakata.

Jumatatu, 11 Machi

Ninaye mwanafunzi mmoja niliyembandika jina la Breki, kwa kuwa ndiyo pedali pekee anayoiamini. Ameshindwa mtihani wa barabarani mara tatu. Leo alisimamisha gari katikati ya mzunguko, mvua inamwagika, honi nyuma yetu kama harusi, nikamuuliza hivi huko duniani anafanya kazi gani. Akasema anafundisha Kihispania chuoni.

Nilizima gari palepale. Tumekubaliana hivi: nitampa saa za ziada barabarani, naye atanipa vitenzi.

"Tutaanza na salamu," akasema.

"Sina mtu wa kumsalimia. Nataka amri."

"Amri ziko muhula wa pili, mwalimu. Baada ya wakati uliopita."

"Wakati uliopita ninao wa kunitosha. Nipe amri."

Jumanne, 12 Machi

Somo la kwanza, ndani ya gari, vioo vimejaa ukungu.

Vitenzi vyao vina mikia mitatu tu: -ar, -er na -ir. Ukitaka kumwamuru mtu unayemwita wewe, na kitenzi chenyewe ni cha kawaida, kisicho na vituko, unakata ile r ya mwisho. Tragar ni kumeza. Meza ni traga. Beber ni kunywa. Kunywa wewe ni bebe. Vya -ir navyo vinaazima e: abrir ni kufungua, fungua ni abre. Nikamwambia hii ni kazi ya robo saa, muhula wa pili wa nini? Akanuna kidogo.

"Hiyo ni kwa rafiki, mtoto, mtu wa karibu," akaendelea. "Kwa mkubwa wako ipo ya heshima. Unabadilisha herufi ya mwisho. A inakuwa e, e inakuwa a. Kumwambia pumua, respira inakuwa respire. Bebe inakuwa beba. Abre inakuwa abra. Na wakiwa wengi unaongeza n, respiren, beban, abran."

"Yuko mmoja. Na ya heshima iache."

Akaniambia niorodheshe ninazohitaji. Mira, tazama. Abre, fungua. Mastica, tafuna. Baja, shusha, yaani kidevu. Traga, meza. Tose, kohoa. Espera, subiri. Respira, pumua. Bebe, kunywa. Hizo tisa zote ni za mdomo na koo. Nikamwomba na ya kumi: jibu. Akaandika responde, kisha akauliza hiyo inaingiaje kwenye kumlisha mgonjwa.

"Hiyo si ya mgonjwa," nikamwambia. "Hiyo ni yangu."

Ijumaa, 15 Machi

Nimesimama mbele yake na kijiko cha mtindi mzito, kama Bibi Kijiko alivyoelekeza, nikasema: "Abre."

Uso ukageuka. Wiki saba ananitazama kama anavyotazama ukuta, leo akaniona mimi. Akafungua. Nikasema baja, akashusha kidevu. Nikasema traga, shingo ikapanda na kushuka. Mama akapiga makofi.

Nilifurahi kama dakika moja hivi. Halafu nikafikiria ni nani aliyemzoesha maneno haya mpaka yakashika kuliko yetu, furaha yote ikaniishia.

"Umemwambiaje?" mama akauliza.

"Fungua."

"Kwa ile ya heshima uliyoniambia?"

"Mama, hiki ni Kihispania."

"Hata kiwe cha ndege wa angani. Baba yako ni baba yako."

Vijiko: kimoja.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Vijiko viwili, cha tatu amepaliwa.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Kimoja. Amekitema cha pili kwenye blauzi yangu ya kazini.

Alhamisi, 21 Machi

Sasa namfundisha Breki kwa Kihispania ili ulimi wangu uzoee. Amenipa za barabarani: acelera, ongeza mwendo, frena, funga breki, dobla, kata kona, mira, tazama vioo. Ajabu ni kwamba anaendesha vizuri zaidi, maana akili yake yote iko kwenye kunisahihisha na hapati nafasi ya kuogopa.

Leo tumekata kona ya soko, nikaona pipa la taka limeletwa na maji katikati ya njia. Nikapiga kelele: "¡Frena!" Breki, mtu wa kufunga breki hata kwa kivuli, akanigeukia kwa utulivu mkubwa akasema, "R hiyo isokote kidogo mwalimu, fre, fre..." Tukaligonga pipa. Breki yangu ya upande wa abiria niliikanyaga, lakini barabara ilikuwa sabuni tupu. Taa moja imekufa. Nimemtukana kwa lugha mbili, akasema ya pili nimeitamka bila kosa.

Vijiko: viwili.

Jumamosi, 23 Machi

Nimerudi kazini nikamsikia mama chumbani kwa Mgeni, anasema polepole kama anayesoma barua ya mtu: "Abra. Trague. Respire." Za heshima. Kumbe amempigia Breki simu akaandikiwa zake.

Alikuwa amemnyoa ndevu. Amemkata kucha. Amempaka mafuta miguu, ile miguu iliyomkimbia.

"Miaka ishirini na miwili, mama!"

"Kuhesabu najua."

"Hata swali moja? Hata moja tu, hukutaka kumuuliza?"

"Mimi nilitaka arudi," akasema. "Wewe unataka majibu. Kila mtu na lake. Nipe hicho kitambaa."

Nilimpa kitambaa nikatoka nje nikasimama kwenye mvua kama mwehu. Nilikuwa nimemkasirikia yeye kuliko Mgeni, na hilo nalo likanikasirisha.

Vijiko: vitatu, kwa mkono wa mama.

Jumatano, 27 Machi

Vinne. Kaka anasema tuongeze bidii.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Vinne. Zimebaki wiki mbili na ushee, na havipandi.

Jumatano, 3 Aprili

Naandika nikiwa hospitalini, mchana, viatu vimelowa.

Asubuhi nilikuwa natafuta taulo kavu, kila kitu ndani ya nyumba kina unyevu, nikafungua sanduku lake. Chini ya mashati kulikuwa na picha. Msichana wa miaka saba au minane yuko juu ya baiskeli. Mgeni yuko nyuma yake, ameinama, ameshika kiti cha baiskeli kwa mikono miwili, anacheka. Sijawahi kuyaona meno ya baba yangu yote kwa pamoja. Kwenye picha nimeyaona.

Mimi sikufundishwa baiskeli na mtu. Gari nilijifunza kwa kuosha magari ya watu na kuyarudisha nyuma hatua tano tano. Nimewafundisha udereva watu mia sita na kitu, na hakuna hata siku moja mtu alinishikia kiti.

Ilikuwa saa yake ya kulishwa. Ningemwambia mama aende yeye. Sikumwambia. Nikachukua bakuli, nikakaa mbele yake na picha ile kifuani, nikaanza: abre, mastica, baja, traga, abre, traga, abre, traga, traga, traga. Sikuwa natazama shingo yake. Nilikuwa namfyatulia tu. Alijaribu. Mungu ananiona, alijaribu kunifuata, mdomo unafunguka kabla hajameza, anameza kabla hajatafuna. Kisha macho yakatoka, midomo ikawa na rangi ya majivu.

Mama aliingia akamwinamisha mbele akamgonga mgongo. Nikambeba. Ni mwepesi, sikutegemea, mwepesi kama kabati lisilo na nguo. Tukamtia kwenye gari la shule, lenye taa moja na kibao cha mwanafunzi mgongoni, mama nyuma amemkumbatia, mimi usukanini, maji barabarani yanafika kwenye vizingiti vya milango. Njia nzima nilikuwa napiga kelele kwenye kioo cha nyuma: "¡Tose! ¡Tose! ¡Respira! ¡Tose!" Watu walikuwa wanatupisha wakidhani mwanafunzi ameshindwa gari.

Kwenye kona ya soko akakohoa. Kikohozi kimoja kirefu, kisha cha pili, kisha mama akasema, "Anapumua, punguza mwendo, utatuua wote."

Yuko hai. Mtindi umeingia pafu la kulia. Wamemlaza.

Nilitaka ajibu, sikutaka afe. Naandika hili ili nilione kwa mwandiko wangu.

Ijumaa, 5 Aprili

Bibi Kijiko ameniita pembeni. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Akaniuliza tu: "Mwanafunzi wako siku ya kwanza, unamwambiaje?"

"Kanyaga klachi."

"Halafu?"

"Halafu nasubiri akanyage."

"Kwa muda gani?"

"Hata kama ni dakika nzima. Namtazama mguu. Akishakanyaga ndipo namwambia weka gia."

Akatoa kijiko chake mfukoni, akakipangusa, akakirudisha. Wageni mia sita nimewasubiri dakika nzima nzima, watu ambao siwakumbuki hata sura.

Kipimo hakisogezwi mbele. Mrija umeshakaa puani muda mrefu kupita kiasi. Ni tarehe 17.

Jioni mama ametoa karatasi kwenye mfuko wa gauni. Namba ya simu, ndefu.

"Ya nyumba ya huko," akasema. "Piga. Wanajua anavyoambiwa akasikia."

"Umeipata wapi?"

"Aliniachia wiki aliyorudi. Alisema likimpata la kumpata niwaambie. Nikawa naahirisha." Akakaa. "Usinitazame hivyo. Miaka kumi ya mwanzo nilikuwa na hasira kuliko zako. Nilizitumia zote, kama sabuni, mpaka zikaniponyoka mkononi. Lakini kuipiga hiyo namba sikuweza. Nawe unaniona mimi mtakatifu."

Sikuwa namwona mtakatifu. Nilikuwa namwona mjinga. Leo nimeona aibu.

Jumamosi, 6 Aprili

Tumepiga tukiwa ndani ya gari, Breki kama mkalimani. Akapokea binti. Ana miaka ishirini. Breki akajieleza kwa adabu zote za muhula wa kwanza, salamu, hali ya hewa, mpaka nikamkanyaga mguu. Akasema habari ya kiharusi.

Yule binti akaanza kupiga kelele. Breki alitafsiri sentensi mbili akaacha, masikio yamemwiva. Nikamwambia tafsiri. Akasema, "Mwalimu, nashindwa pa kuanzia."

Lakini niliielewa sauti. Ni yangu.

Baadaye Breki akanipa mkato wake. Mgeni aliondoka kule Jumapili moja, akasema anakwenda kununua misumari. Hawajamwona tena. Wamemtafuta kwenye hospitali, vituo vya polisi, hata chumba cha maiti. Binti alikuwa na mtihani wiki ile, hakuufanya. Mwaka mmoja na miezi mitatu hawajui kama wanamlilia maiti au wanamsubiri mtu. Mara nyingine walidhani sisi ndio tuliomwita.

Sisi tulidhani wao ndio waliomshikilia. Mimi nimekuwa nikimchukia mtoto huyu tangu kabla sijajua kama yupo, naye kumbe ameachwa kwa misumari.

Mwishoni alitulia. Akasema atajirekodi atume sauti. Akaomba kitu kimoja: akiweza kusema, nimuulize kwa ajili yake pia.

Jumanne, 9 Aprili

Mgeni amerudi nyumbani. Sauti imefika.

Anasema: "Mira, papá. Abre." Kisha kimya kirefu mpaka ukadhani simu imekata. "Traga." Kimya tena. "Respira." Mwishoni ameeleza, Breki kanitafsiria, kwamba hivyo ndivyo baba alivyomfundisha baiskeli. Sube, panda. Anasubiri. Mira, tazama mbele. Anasubiri. Pedalea, kanyaga pedali. Neno moja, na hasemi la pili mpaka mwili wako umalize la kwanza.

Basi hivyo ndivyo ninavyofundisha mimi. Klachi, subiri, gia, subiri. Hakuna aliyenionyesha. Nilidhani ni ujuzi wangu, jasho langu, kumbe ni subira yake, kama pua yake, amenigawia bila kuwepo. Nimekasirika mpaka nikatupa daftari chini ya kitanda. Nimeliokota sasa hivi.

Nilimsikilizisha. Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande mzima. Akafungua mdomo.

Vijiko: sita.

Alhamisi, 11 Aprili

Bibi Kijiko amepita kutuona. Sauti ya simu ameikataa. "Siku ya kipimo ataambiwa na mtu atakayekuwa naye mezani kila siku. Simu haimtazami shingo." Basi ni mimi. Leo vijiko vitano kwa sauti yangu. Nahesabu moja mpaka kumi na tano kimoyomoyo kabla ya amri nyingine.

Jumamosi, 13 Aprili

Saba. Mvua imepungua. Breki amefanya mtihani wa barabarani mara ya nne, amefaulu. Anasema alijiamrisha mwenyewe kwa Kihispania mpaka mwisho. Amekataa kuacha kunifundisha.

Jumatatu, 15 Aprili

Saba. Cha nane amepaliwa, akakohoa vizuri nilipomwambia. Mama amekaa mlangoni na rozari ya vitenzi vyake vya heshima, anavinong'ona. Nikamwita aje amlishe mchana. Sikusema kitu alipomwambia abra.

Jumatano, 17 Aprili

Chumba cha kipimo kina meza, viti vitatu na saa yenye kelele. Bibi Kijiko ameweka vijiko kumi kwenye trei, kila kimoja na mtindi wake. Mama aliketi nyuma yangu. Kaka alikuwa kwenye simu, akiniambia nimwambie daktari nini, nikaizima.

Mira. Akatazama.

Abre. Nikasubiri. Baja. Nikasubiri. Traga. Nikatazama shingo kama ninavyotazama mguu wa mwanafunzi kwenye mlima wa kwanza. Kimoja.

Cha nne alichoka, kichwa kikaangukia upande. Espera, nikamwambia, respira. Nikamsubiri. Bibi Kijiko hakutazama saa. Cha saba kikakaa mdomoni mpaka mama nyuma yangu akaacha kupumua, nikasema traga mara moja tu, sikurudia, na kurudia ndiko nilikokutaka kuliko kitu chochote. Kikashuka. Cha tisa alikohoa. Bibi Kijiko akainua kidole: kupaliwa au kusafisha koo? Akamwekea mkono shingoni, akasikiliza. "Kusafisha koo. Endelea."

Cha kumi nilimwambia abre na yeye akanifungulia mdomo kabla sijamaliza neno, akiwa na haraka, kama anayetaka kumaliza kazi ili sote twende nyumbani. Nikamwambia espera. Nikamwambia twende taratibu, hilo kwa Kiswahili, najua hakulisikia. Baja. Traga.

Bibi Kijiko alichomoa mrija mwenyewe. Ulikuwa mrefu kuliko nilivyofikiri.

Vijiko: kumi.

Kaka ametuma ujumbe: tumefanikiwa. Tumefanikiwa, anasema! Na mdogo wangu wa huko ametuma sauti. Analia na kutukana mlemle. Mwishoni kuna neno moja ambalo silihitaji mkalimani: responde.

Jumapili, 21 Aprili

Jua limetoka. Mama amekwenda kuanika magodoro kwa jirani mwenye ua mkubwa. Tumebaki wawili.

Nimemlisha viazi vilivyopondwa, sahani nzima, bila haraka. Nimemfuta mdomo. Nimeweka sahani sakafuni ili isiwepo kitu kati yetu. Ni Jumapili, siku yangu ya kuuliza. Nilikuwa nimemwomba Breki lile swali, ni maneno mawili tu, "por qué".

"¿Por qué?" nikamuuliza. "Kwa nini ulituacha? Mimi, na yule mwenzangu. ¿Por qué?"

Akanitazama. Alikuwa ananisikiliza, naapa, sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu.

Nikatoa ile ya kumi. Nimeitunza msimu mzima. Niliisema kwa sauti ya darasani, safi, neno moja, kisha nikasubiri.

"Responde."

Paji la uso likakunjana. Nikaona anajitahidi, anatafuta. Nikaendelea kusubiri, nikahesabu kumi na tano, nikahesabu tena. Kisha akafungua mdomo.

Akaufungua wazi kabisa, kama nilivyomfundisha. Akangoja. Hakikuja kitu. Akaufunga, akashusha kidevu kifuani, akameza hewa tupu. Akaninyanyulia macho kuona kama amepatia. Akafungua tena.

Hasira ilinipanda, na nilipotafuta wa kumkasirikia nikamkuta mzee amefungua mdomo, ana meno machache, anafanya alichoambiwa. Angeendelea kumeza hewa mpaka jioni kama nisingemzuia.

"Espera," nikamwambia.

Akasubiri. Nikaenda jikoni nikaleta mtindi.

Nimemwandikia mdogo wangu kwa mkono wangu mwenyewe, bila Breki, kwamba hajajibu, na kwamba anakula.

Baba: viazi, sahani nzima. Baadaye mtindi, vijiko vitatu.